UZI: Manjano na habasoda vinalinda figo kwenye sepsisi? Tusome na ile sehemu ambayo muuzaji hakuisoma

Mfamasia_Chuda (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba wanasayansi wamethibitisha manjano, habasoda na mlonge vinalinda figo, ini na mapafu ya mtu aliyepata maambukizi makali. Una picha ya figo mbili, moja nyeusi moja nyekundu, na chini kabisa namba ya simu ya muuzaji. Mimi niko dirishani kwenye duka la dawa, kwa hiyo swali hili linanifikia sana, na anayeuliza mara nyingi ana mgonjwa kalazwa muda huohuo. Naliandika hapa kwa urefu ili akija mwingine nimtumie linki tu.

Kinachonipa tabu ni kwamba ujumbe ule si uongo mtupu. Ungekuwa uongo mtupu ningemaliza kwa mstari mmoja.

Tuanze na ugonjwa. Mtaani tunasema sumu imeingia kwenye damu. Hospitali wanaita sepsisi, na tangu 2016 kinachoangaliwa zaidi si kama bakteria wameonekana kwenye damu, ni kama viungo vimeanza kushindwa kazi kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi kwa vurugu. Chanzo kinaweza kuwa nimonia, UTI iliyopanda hadi kwenye figo, utumbo uliotobolewa na taifodi, kidonda cha kisukari, au homa baada ya kujifungua. Makadirio yaliyochapishwa kwenye Lancet mwaka 2020 yalitaja wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11 kwa mwaka 2017 peke yake. Hiyo ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano duniani, na mzigo mkubwa uko kwenye nchi za kipato kama chetu.

Sasa figo inagomaje wakati bakteria wako kwenye mapafu? Bakteria kama E. coli wana kitu kwenye ganda lao kinachoitwa endotoksini. Seli nyeupe zikikutana nacho zinamwaga kemikali za uvimbe na kutengeneza radikali huru, yaani molekuli za oksijeni ambazo hazijatulia na zinachoma chochote kilicho jirani. Bakteria wanakufa, sawa. Ila kuta za mishipa midogo nazo zinaungua na kuvuja, presha inashuka, na mitokondria, yaani mitambo ya nishati ndani ya seli za figo, zinaumia hadi zenyewe zinaanza kuzalisha radikali zaidi. Cha ajabu ni kwamba seli nyingi za figo hazifi. Zinapunguza kazi ili zisife. Ndiyo maana mkojo unaweza kukata kabisa, lakini figo ikiangaliwa kwa hadubini haina uharibifu wa kutisha kama ulivyotarajia.

Mwili una ulinzi wake dhidi ya radikali hizi, kuna glutathioni na vimeng'enya kadhaa, na kwenye sepsisi ulinzi huo unaishiwa. Hapo ndipo mimea inapoingia. Kurkumini ya manjano, thaimokwinoni ya habasoda, kwesetini ya vitunguu maji, resveratroli ya zabibu, katekini za chai ya kijani, yujinoli ya karafuu: zote hizi maabara zimeonyesha kupunguza uharibifu. Na nyingi hazifanyi kazi kwa kukamata radikali moja moja kama tunavyoambiwa kwenye matangazo. Zinaamsha protini iitwayo Nrf2, ambayo inaiamuru seli ijitengenezee ulinzi wake yenyewe, na wakati huohuo zinaituliza NF-kB inayoendesha uvimbe. Ni sayansi nzuri na sitaki mtu aidharau humu.

Jaribio lenyewe linakwenda hivi. Panya anapasuliwa, sehemu ya utumbo iitwayo sekamu inafungwa kwa uzi na kutobolewa kwa sindano, kinyesi kinavujia tumboni. Njia hiyo ipo tangu 1980. Kundi moja la panya linapewa kurkumini, jingine halipewi. Baada ya saa kadhaa wanapima kreatinini (uchafu wa damu unaopanda figo zikishindwa kuuchuja), vimeng'enya vya ini, na alama za mafuta yaliyoungua na radikali. Waliopewa wana afadhali. Karatasi za namna hii ni nyingi mno, na karibu zote zina habari njema, jambo ambalo lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

Sasa nenda sehemu ya mbinu, ile ambayo mwenye namba ya simu hakuisoma. Dawa ilitolewa lini? Mara nyingi kabla panya hajatobolewa, au ndani ya saa moja mbili. Nani kati yetu amewahi kupata sepsisi kwa miadi? Mgonjwa wetu anafika siku ya tatu, kapitia maduka mawili ya dawa na nyumba ya maombi. Panya ni kijana wa miezi miwili mitatu, hana kisukari, hana presha, hana VVU. Mara nyingi hapewi antibayotiki wala maji ya dripu, kwa hiyo kinacholinganishwa ni mmea dhidi ya kutotibiwa kabisa. Na dawa yenyewe huchomwa tumboni kwa sindano, haikorogwi kwenye maziwa ya moto.

Halafu kuna panya mwenyewe. Binadamu mzima wa afya akipewa endotoksini nanogramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito, anatetemeka kwa homa. Panya wa maabara anapigwa kwa miligramu. Kati ya nanogramu na miligramu kuna sifuri sita. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kwenye jarida la PNAS kwamba jeni za panya zinavyoitikia uvimbe hazilingani na za binadamu. Mwaka uliofuata Wajapani wawili wakachukua takwimu zilezile, kwenye jarida lilelile, wakasema zinalingana vizuri tu. Wenyewe hawajapatana, sisi na WhatsApp yetu tumeshapatana.

Ya binadamu nakuja nayo. Karibuni.

Ngiri_Dume

Nimeweka kiti. Ila mkuu siku nyingine fupisha, wengine tunasomea kwenye daladala tumesimama.

Mzee wa Majani

Mwanangu mfamasia, umeandika vizuri lakini umeegemea upande. Kwinini ilitoka wapi kama si magome ya mti? Hiyo sindano ya malaria kali mnayojivunia ni pakanga ya Wachina. Mkishaweka kwenye kichupa mnasema ni dawa, ikiwa kwenye gunia langu mnasema ni imani. Na habasoda Mtume ameitaja. Mimi nimerithi kazi hii kwa babu, watu wanapona.

Mfamasia_Chuda

Mzee wangu, shikamoo. Hadithi siigusi, siyo fani yangu. Ila kwenye pakanga umenipa nafasi niliyokuwa naitafuta.

Ni kweli artesuneti, hiyo sindano unayoisema, imetokana na pakanga ya Kichina. Bibi Tu Youyou alipewa Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini alipataje? Walipochemsha majani, dawa ilikuwa inapotea. Akasoma maandishi ya kale, akaona wazee wa zamani waliloweka kwenye maji baridi, akajaribu kuitoa kwa etha isiyohitaji moto mkali, na mwaka 1971 ndipo ikafanya kazi. Kwa hiyo hata jani sahihi ukilichemsha vibaya umekunywa chai.

Halafu sikiliza inavyoua. Molekuli yake ina oksijeni mbili zilizoshikana. Kimelea cha malaria kinakula hemoglobini, kinabakiza madini ya chuma. Dawa ikikutana na ile chuma inavunjika na kuzaa radikali huru zinazokiunguza kimelea kutoka ndani. Yaani kitu cha mmea kilichookoa watoto wengi kuliko kingine chochote kwenye wodi zetu ni kinyume cha antioksidanti, yaani vitu vya kuzima radikali! Kwenye jaribio la AQUAMAT lililochapishwa 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, waliochomwa artesuneti walikufa asilimia 8.5 na waliopata kwinini asilimia 10.9. Kwinini nayo ni mti, mzee. Mti kwa mti, walishindanishwa, tukajua upi uwekwe mbele.

Na nikuongeze kingine. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu ya kurithi inayofanya seli zao nyeupe zishindwe kutengeneza radikali huru. Kwa matangazo ya mtandaoni hao wangekuwa na afya kuliko sisi sote. Ukweli ni kwamba wanaugua majipu na nimonia za bakteria na fangasi tangu utotoni, na bila kinga ya dawa huwa hawadumu. Radikali ni silaha ya mwili. Ukiinyang'anya silaha vita ikiwa katikati, hujui umemsaidia nani.

Salim_wa_Kilifi

Salaam jamaa. Mfamasia hapo kwa kunyang'anya silaha amegonga ndipo. Wacha niongeze la kwetu, maana watu wa huku Kilifi tunalijua.

Zamani kila mtu aliyesomea udaktari alifundishwa: mtoto ana homa kali, mikono baridi, damu haizunguki sawa, mpige maji ya dripu mengi kwa haraka. Hata vitabu viliandika hivyo. Profesa Kathryn Maitland, mtafiti wa huku kwetu Kilifi, na wenzake wakasema tujaribu kwa haki. Hilo jaribio linaitwa FEAST, lilifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000. Matokeo yalitoka 2011. Watoto waliopigwa maji kwa haraka walikufa asilimia 10 na ushei ndani ya saa 48. Ambao hawakupigwa, asilimia 7.3. Jaribio ilibidi lisimamishwe.

Na maji, jamaani, ni maji tu na chumvi! Yanaingia akilini kuliko hata hiyo manjano. Lakini mwili wa mtu aliye mahututi haufuati mantiki ya mtu aliyekaa sebuleni. Kwa hivyo mtu akinijia na "inaingia akilini", mimi namuuliza imejaribiwa kwa nani.

Mfamasia_Chuda

Salim umenirahisishia. Sasa binadamu na antioksidanti.

Iliyopimwa kuliko zote kwa wagonjwa mahututi ni vitamini C, ileile ya ubuyu na machungwa, ila ya kiwandani na kwa dripu. Mwaka 2017 Dk. Paul Marik wa Norfolk, Virginia, alichapisha habari za wagonjwa 47 wa sepsisi waliopewa vitamini C pamoja na thayamini (vitamini B1) na haidrokotisoni (dawa ya steroidi). Walikufa asilimia 8.5. Wagonjwa 47 wa miezi ya nyuma, waliotibiwa bila mchanganyiko ule, walikufa asilimia 40.4. Ungekuwa wewe ni daktari wa ICU ungefanyaje? Wengi walianza kuutumia kesho yake.

Ila hao hawakugawanywa kwa kura. Ni wa leo kulinganishwa na wa jana, kwenye hospitali moja. Yakaja majaribio ya kura. Moja la 2020, wagonjwa 216 wa Australia, New Zealand na Brazil: hakuna tofauti. Yakafuata mengine, hakuna tofauti. Halafu LOVIT mwaka 2022, wagonjwa 872, vitamini C kwa dozi kubwa peke yake dhidi ya plasebo, yaani dripu ya bandia isiyo na dawa. Hesabu ilikuwa ya waliokufa au waliobaki wanahitaji mashine na dawa za kubeba viungo hadi siku ya 28. Kundi la plasebo asilimia 38.5. Kundi la vitamini C asilimia 44.5. Yaani iliyotarajiwa kulinda viungo ndiyo iliyofanya vibaya zaidi.

Kabla ya hapo, 2013, kulikuwa na REDOXS: wagonjwa mahututi 1,223 wakapewa mchanganyiko wa seleniamu, zinki, vitamini E, C na beta karotini. Haukuwasaidia kitu.

Kurkumini hata kufika huko ni kazi. Unga wa manjano wenyewe una kurkumini takriban asilimia 3. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwanywesha watu gramu 2 za kurkumini safi, na kwenye damu ikaonekana kidogo mno au isionekane kabisa. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ile ya pilipili manga, ikapanda kwa asilimia 2,000, namba ambayo sasa iko kwenye kila kopo. Asilimia 2,000 ya karibu hakuna, mkuu, ni ngapi? Na kemia yenyewe ni kigeugeu: inavunjika haraka, tena ina tabia ya kudanganya vipimo vya maabara ionekane inafanya kazi hata pale isipofanya. Kuna mapitio marefu ya wanakemia ya 2017 kuhusu hilo, hayana huruma.

Lakini siwezi kuishia hapo halafu nikajiita mkweli, kwa sababu kuna jaribio moja linalomtetea Mzee wa Majani. China wana dripu inaitwa Xuebijing. Imetengenezwa kwa mimea mitano, ua la kartamu na mizizi minne, danshen na danggui ikiwemo, na serikali yao iliiidhinisha 2004. Mwaka 2023 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha jaribio lao: wagonjwa 1,817 wa sepsisi, hospitali 45, kwa kura, plasebo upande wa pili, na wagonjwa na madaktari hawakujua nani kapewa nini. Walipewa mililita 100 kila saa 12 kwa siku tano. Vifo kufikia siku ya 28: plasebo asilimia 26.1, Xuebijing 18.8.

Hiyo si tofauti ndogo. Dawa ngapi za kampuni kubwa zimejaribiwa kwenye sepsisi zikashindwa kufika hapo?

Jiografia_ya_Chini

Mkuu sasa hapo si umejimaliza mwenyewe? Mimea mitano, vifo vimepungua, mchezo umekwisha. Tuagize.

Mfamasia_Chuda

Pole pole. Wote walikuwa wanapata antibayotiki, maji, mashine za kupumulia na kila kitu cha ICU. Xuebijing iliongezwa juu yake. Ni dripu, haikupita tumboni. Jaribio lote lilikuwa ndani ya China, na mimi nataka kuliona likirudiwa kwingine, hasa sehemu ambayo mgonjwa anachelewa kufika na vitanda vya ICU ni vya kuhesabu. Halafu hakuna aliyethibitisha kwamba kilichosaidia ni kuondoa radikali. Mchanganyiko ule unagusa pia kuganda kwa damu na uvimbe. Inawezekana jibu liko huko na antioksidanti ni abiria tu.

Ila kwa swali la kama mmea unaweza kupimwa kwenye sepsisi kwa kanuni zilezile za dawa nyingine, Wachina wameshajibu. Nasi tuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili tangu miaka ya 70. Mimea ipo. Wagonjwa, kwa bahati mbaya, wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia jaribio la wagonjwa elfu moja, na kwa maoni yangu huyo ndiye angepigiwa simu, siyo wa kwenye picha ya figo.

Nesi wa Zamu

Jamani mnaongelea majaribio, mimi niongelee kitandani.

Moja. Mgonjwa aliyechanganyikiwa msimnyweshe kitu. Ndugu wanasubiri nimegeuka, wanampa kijiko cha asali na habasoda, anapaliwa, kinaingia mapafuni. Ulikuwa na sepsisi ya mkojo, sasa una na nimonia. Wengine wanapitisha juisi kwenye mpira wa puani. Presha ikiwa chini utumbo nao haupati damu, hausagi. Kile kitu kinakaa tumboni kinachacha, kesho anatapika.

Mbili. Vitamini C za dripu za kwenye kliniki za urembo, mtu kachomwa nyingi huko halafu kaletwa kwetu hajiwezi. Kuna glukometa zinaidhani vitamini C ni sukari. Inasoma sukari iko juu, kumbe iko chini. Ukimpa insulini umemmaliza. Na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, na huku pwani watu hao ni wengi, chembe zake za damu zinaweza kupasuka kwa dozi kubwa hizo. Kwa hiyo semeni. Hatuwagombezi (sawa, wengine wanagombeza, lakini semeni).

Binti_Mkwakwani

Samahanini kwa kuingilia. Mama yangu ana kisukari na kidonda mguuni. Tangu jana jioni ana homa, leo anahema haraka na anaongea vitu havieleweki, ananiita jina la marehemu shangazi. Mkojo hajapata tangu asubuhi. Jirani ameleta kopo la vidonge vya manjano anasema vinalinda figo, nimeshampa viwili. Niendelee au nisubiri?

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, toka kwenye uzi huu sasa hivi. Usisubiri, usimpe kingine. Bodaboda hapana, tafuta bajaji au gari, mlaze ubavu. Hospitali yenye maabara na daktari wa usiku, siyo zahanati. Ukifika sema maneno haya: ana kisukari, ana kidonda, amechanganyikiwa, hajakojoa. Sema kwa sauti.

Mfamasia_Chuda

Dada nenda. Kopo lichukue.

Kwa wengine mnaosoma: ule utafiti wa 2006 kuhusu sepsisi iliyofikia hatua ya presha kuanguka ulionyesha kila saa ya kuchelewesha antibayotiki sahihi ilishusha uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Ndiyo maana sijali sana kama kidonge cha manjano kina madhara au hakina. Najali kimetupotezea saa ngapi.

Mpishi_Mstaafu

Tukimwombea huyo mama. Mfamasia, mimi swali langu ni la jikoni. Pilau, mchuzi wa samaki, manjano kila siku. Na asubuhi nakunywa juisi ya mbilimbi, niliambiwa inashusha lehemu na kusafisha figo. Niache?

Mfamasia_Chuda

Manjano ya mchuzi kula bila hofu, mzee. Tatizo ni vidonge vya dozi kubwa, hasa vilivyotiwa piperini. Ile piperini inafanya kazi kwa kulizuia ini na utumbo visivunje kurkumini, sasa haichagui: inazuia na dawa nyingine zisivunjwe, kwa mfano fenitoini ya kifafa, zinajaa kwenye damu. Marekani wameshaandika wagonjwa 10 ambao ini liliumizwa na bidhaa za manjano kati ya 2004 na 2022. Watano walilazwa, mmoja alikufa. Wengi wao walikuwa na alama fulani ya kurithi, ileile inayoonekana kwa walioumizwa na vidonge vya chai ya kijani. Ni wachache ukilinganisha na wanaotumia, lakini mtu ambaye ini lake tayari linapigana na sepsisi hana akiba ya kubahatisha.

Mbilimbi hiyo sasa ndiyo uache, ya juisi nakusudia, achari kidogo siyo shida. Kerala, India, wanaitumia kama wewe, kwa lehemu. Mwaka 2013 madaktari wa huko waliandika kuhusu wagonjwa 10 waliokunywa juisi nzito ya mbilimbi, figo zikajaa fuwele za oksaleti zikagoma ghafla. Na mbilimbi ina antioksidanti tele, ukitaka kujua.

Mpishi_Mstaafu

Duh. Na mti ninao uani.

Mzee wa Majani

Nimesoma yote, miwani imechoka. La pakanga kuchemshwa nimelichukua. Mtu akiletwa kwangu anahema na haelewi anachosema, mimi huwa simpi kitu, namwambia mwenye mgonjwa twende hospitali, babu alinifundisha hivyo kabla ya hizo karatasi zenu. Waganga wa jina wapo, na wafamasia wa jina wapo. Sasa na mimi niulize: hayo makopo ya manjano yenye piperini, dukani kwako hayapo?

Mfamasia_Chuda

Yapo, mzee wangu. Rafu ya pili. Mwenye duka ndiye anayeagiza. Mtu mzima akija na magoti yake namuuliza anatumia dawa gani, kama hakuna inayogongana namuuzia. Akiniambia ana mgonjwa wodini simuuzii, na hapo ndipo tunapogombana na bosi.

Mzee wa Majani

Basi wote tuna magunia.

Ngiri_Dume

Hahaha mzee kamaliza. Binti wa Mkwakwani yuko wapi?

Binti_Mkwakwani

Niko wodini. Wamemtoa damu ya kuotesha, wamemwekea mpira wa mkojo, antibayotiki ya dripu imeanza kabla hata hatujamaliza kuandikisha. Daktari kasema kreatinini iko juu, kesho wanapima tena ndipo wajue kama atahitaji dayalisisi. Kidonda wanataka kukifungua usiku huu. Kopo nimewapa, wameuliza kama lina pilipili manga, nikasema limeandikwa piperini miligramu 5.

Nesi wa Zamu

Wamefanya vizuri. Hakikisha limeandikwa kwenye faili, maana zamu ikibadilika asubuhi daktari mwingine ataanza kuuliza upya. Na mkojo kwenye mfuko uangalie kila saa, ukiona haupandi usione aibu kuita.